Baina ya Nia na Sindano

Kati ya mwaka 2012 na mwaka 2013 lilitendeka hapa Eldoret jambo ambalo, lau lingalijulikana na kila mzazi na kila mwalimu wa mji huu, lingalituokoa na maneno mengi tunayoyasema bure juu ya chanjo ya wasichana wetu. Watafiti waliwauliza wanawake 287 wenye mabinti, kabla ya chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi kuletwa, kama wangeridhia mabinti zao wadungwe, na katika kila 100 wakajibu 88 kuwa wangeridhia. Kisha chanjo ikaletwa. Ilitolewa bure, bila ya kudaiwa senti, katika hospitali ya rufaa, na habari zake zikapitishwa mashuleni: wahudumu wa afya waliwaarifu walimu, na walimu wakatakiwa wawaarifu wanafunzi na wazazi. Mradi ulipokwisha, watafiti wakarejea, wakawauliza wanawake 256 yaliyotokea. Waliosema kuwa mabinti zao wamechanjwa hawakufika thuluthi, walikuwa 31 tu katika kila 100. Waliokataa kwa kauli zao walikuwa sudusi na kitu kidogo. Waliobaki, nao ni nusu nzima ya wanawake wale na ushei, walikuwa wameitaka chanjo wakaikosa.

Nimeirejea hesabu hii mara nyingi, na kila niirejeapo hunitia haya. Desturi yetu, sisi tuandikao na tusemao mbele ya watu, ni kumdhania mzazi asiyemchanja mwanawe kuwa ni jahili au mkaidi, tukamwandalia mawaidha marefu, ilhali mama wa Eldoret hakuwa na haja ya mawaidha yetu, maana alikuwa keshakubali. Kilichomzuia ni mambo madogo madogo ya maisha ambayo kila akaaye hapa anayajua, na zaidi ya yote ni kutopata habari kamili. Kwani watafiti hao hao waliona kuwa kilichompambanua aliyemchanja bintiye na asiyemchanja kilikuwa zaidi ni kuujua mradi wenyewe, kuliko kuikubali chanjo kwa moyo. Kwa hiyo makala haya sikuyakusudia kuwa hotuba. Nimekusudia kuitazama njia itokayo kwenye nia ya mzazi hadi kwenye mkono wa mtoto, na kuonyesha palipo na mashimo, ili kila mmoja wetu afukie lililo karibu na mlango wake.

Maradhi yenyewe nitayaeleza kwa ufupi. Saratani ya mlango wa kizazi, karibu yote, hutokana na virusi viitwavyo HPV, ambavyo hupita kutoka mtu hadi mtu kwa maingiliano ya kimwili, tena ni vya kawaida mno hata watu wengi huvipata katika umri wao pasipo kujua, na mwili aghalabu huviondoa wenyewe baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwa baadhi ya wanawake haviondoki; hukaa kimya miaka 15 au 20, kisha huleta donda. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake 5,236 wa Kenya walipatikana na saratani hiyo katika mwaka mmoja, na 3,211 wakafa kwayo. Chanjo haimtibu aliyekwisha kuvipata virusi, bali humkinga asiyevipata, na ndiyo maana hapa kwetu hutolewa kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14, wakati ambapo mwili huipokea vizuri zaidi na hatari bado iko mbali. Mzazi asiufasiri umri huo kuwa ni tuhuma juu ya mwanawe. Mkulima wa Moiben huezeka ghala lake jua likiwaka, wala hakuna amwambiaye kuwa anaiombea mvua.

Serikali ilipoizindua chanjo hii kwa nchi nzima, mjini Mombasa, tarehe 18 Oktoba 2019, kila msichana alipaswa kudungwa mara mbili, na baina ya sindano ya kwanza na ya pili ipite miezi sita. Ukiihesabu miezi hiyo utaona mkosi uliotupata: waliodungwa Oktoba walipaswa kurudi Aprili 2020, na mwezi Machi shule zote zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya Korona. Hata bila ya Korona, kumrudisha mtoto mzima wa afya kwa sindano ya pili, baada ya nusu mwaka, ni kazi iliyowashinda wazazi wengi wenye nia njema. Tatuzi la taabu hii, kwa fahari yetu, limetoka kwa sehemu katika nchi hii hii: wasichana na wanawake vijana 2,275, wa miaka 15 hadi 20, walijitolea Kisumu, Thika na Nairobi katika utafiti ulioitwa KEN SHE, na baada ya miezi 18 ikabainika kuwa dozi moja peke yake ilizuia maambukizi mapya ya aina mbili za virusi zilizo mbaya kupita zote kwa kiasi cha 97 na nusu katika kila 100. Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja mwaka 2022, Tanzania ikaifuata mwaka 2024, na Kenya ikaifuata mwaka 2025. Basi mzazi aliyekuwa akisema kuwa safari mbili ni nyingi, udhuru wake umepunguzwa nusu. Ila asidhani kuwa dozi moja yamtosha kila mtoto: msichana aishiye na virusi vya UKIMWI huhitaji zaidi ya moja, na hilo liachiwe kliniki yake, ambako wanamjua na wanaitunza siri yake, wala si jambo la kuulizwa kwenye mstari wa shule mbele ya wenziwe.

Sasa nije kwenye mashimo ya njia. La kwanza ni umri wenyewe. Mtoto mchanga hubebwa kliniki mgongoni, ana kitabu chake chenye tarehe, ana muuguzi amjuaye, na jirani humkumbusha mamaye wakikutana bombani. Msichana wa miaka kumi hana lolote katika hayo. Ni mzima, anatembea, anakimbia. Kitabu cha chanjo zake kimeliwa na panya au kimebaki kwa nyanya. Na siku zake zimegawanywa baina ya shule na kazi za nyumbani, hata hakuna mahali ambapo mtabibu hukutana naye ila akiugua. Tena katika Uasin Gishu kalenda yenyewe hutupiga chenga: Machi na Aprili ni kupanda, Oktoba na Novemba ni kuvuna, Desemba watoto wametawanyika kwa jamaa huko mashambani, na mama wa Ziwa au Turbo aambiwaye amlete bintiye mjini katika juma la mavuno ameambiwa achague baina ya mahindi na sindano, na mahindi yana mvua nyuma yake. Nasema haya kwa sababu mimi ni mtu wa pwani niliyeletwa hapa na kazi, na miaka yangu ya mwanzo sikufahamu kwa nini mikutano ya wazazi hujaa Juni na huwa mitupu Novemba. Nilidhani ni uvivu. Mungu anisamehe.

La pili ni karatasi. Jirani yangu mmoja wa Kapsoya, mama wa mabinti watatu, aliniambia kuwa aliipata barua ya shule iliyohusu chanjo chini kabisa ya mkoba wa bintiye, imekunjwa mara nne na kuloa uji, majuma matatu baada ya siku yenyewe kupita. Mtoto hakuificha, alipewa na mwalimu wakati wa kengele, akaitia mkobani, akaenda kucheza. Mama akasikitika, akauliza shuleni kama ipo siku nyingine, akaambiwa angoje mwaka ujao, jawabu ambalo halikuwa sahihi, maana zahanati iliyo dakika kumi kutoka pale ilikuwa na chanjo ile ile kila siku ya kazi. Shule siitaji jina, kwa kuwa ingekuwa dhuluma kuilaumu moja kwa kosa la wengi. Ninalolisema ni kwamba ujumbe wenye uzito haukabidhiwi mtoto wa miaka kumi peke yake.

Kwa hiyo mwalimu mkuu anayetaka kulitimiza jambo hili na alianze mwezi mzima kabla. Atoe orodha ya wasichana kwa umri, si kwa darasa, kwani katika darasa moja la Langas au Huruma utamkuta wa miaka tisa na wa miaka kumi na tatu ubavuni mwake, na yule aliyechelewa kuanza shule ndiye aghalabu asahauliwaye. Barua iende, naam, lakini iende na kipande cha kutiwa saini na kurudishwa, na asiyekirudisha apigiwe simu. Na habari hiyo hiyo iwekwe kwenye kikundi cha wazazi cha WhatsApp, isomwe katika mkutano wa wazazi, na itangazwe kanisani Jumapili na msikitini Ijumaa. Maneno yawe machache na yaseme yote: ni chanjo ya nini, ni ya nani, siku gani, saa ngapi, ni bure, na asiyekuwapo siku hiyo aende wapi. Hilo la mwisho ndilo liachwalo kila mara. Siku yenyewe isiwe ya mtihani wala ya mashindano ya riadha, na katika mji huu wa wakimbiaji onyo hilo si la mzaha, maana hakuna msichana atakayekubali kudungwa asubuhi ambayo anatarajia kushinda mita 1,500 mchana. Baada ya juma moja au mawili iwekwe siku ya pili kwa waliokosa, na majina ya waliokosa hata siku hiyo apewe mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa, mmoja wa wale laki moja waliokabidhiwa mikoba yao ya kazi mwaka 2023, ambaye anazijua nyumba na milango yake.

Kwa nini natilia nguvu shule hivi? Kwa sababu jambo hili limekwisha kujaribiwa karibu nasi. Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuitoa chanjo hii kwa taifa zima, mwaka 2011. Iliipeleka shuleni, ikawatuma wahudumu wa vijijini wakawatafute wasiosoma, na katika mwaka ule wa kwanza ikawafikia zaidi ya wasichana 90 katika kila 100 waliokusudiwa. Rwanda haikuwa tajiri kutushinda. Ilimfuata msichana alipo, nasi mwaka ule wa 2012 tulimngoja hospitalini.

Nimsemee baba sasa, kwani husemwa kidogo sana. Katika utafiti ule wa Eldoret wanawake waliogopa tangu mwanzo kuwa waume zao huenda wasikubali, na baadaye baadhi yao wakasema kuwa ndivyo ilivyokuwa. Sishangai. Mwanamume huyu hakuitwa kwenye mkutano, hakusomewa barua, na habari ya kwanza anayoipata ni kwamba bintiye amedungwa sindano inayohusu kizazi. Ni nani katika sisi ambaye asingeruka? Mama, mweleze mapema, jioni ambayo ametulia, wala usimfanyie jambo hili kwa siri, kwani siri ikifichuka huiponza chanjo ya binti wa pili na wa tatu. Nawe baba, usingoje kuulizwa. Nenda mwenyewe kwa muuguzi ukaulize maswali yako yote, hata yale unayoona haya kuyasema mbele ya mkeo. Machifu nao wangefanya hisani kubwa kulitia jambo hili katika mabaraza yao, ambako wanaume ndio wengi.

Swali litakaloulizwa, barazani na nyumbani, ni la utasa, na ni bora lijibiwe kwa staha kuliko kuchekwa. Watu hawakulizua jana. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini waliishutumu hadharani chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake, wakidai imetiwa dawa ya kuzuia uzazi. Serikali na mashirika ya afya ya Umoja wa Mataifa yakalikana dai hilo, lakini shaka ikisha kupandwa katika jambo la kizazi haing'oki kwa tangazo moja la redio. Mwaka 2019, chanjo ya HPV ilipoletwa, baadhi ya madaktari Wakatoliki wakaipinga nayo. Jibu langu kwa mzazi mwenye khofu ni hili. Chanjo hii haina virusi vilivyo hai. Imetengenezwa kwa magamba tu yafananayo na ganda la virusi, na haina homoni ndani yake. Ilianza kutumika mwaka 2006, na kamati ya usalama wa chanjo ya Shirika la Afya Duniani ilipoyapima mambo mwaka 2017, dozi zaidi ya milioni 270 zikiwa zimekwisha kusambazwa, haikuona burhani kuwa inaleta utasa. Huko Uskoti, ambako usajili wa wagonjwa ni wa makini sana, mwaka 2024 ilitangazwa kuwa miongoni mwa wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13 hakupatikana hata mmoja mwenye saratani hii. Na kinachoondoa kizazi kwa yakini ni saratani yenyewe, kwani matibabu yake mara nyingi ni kukitoa kizazi au kukichoma kwa mionzi. Mwenye kumchelea bintiye utasa, basi hiyo ndiyo njia ya kumchelea.

Sindano ina maudhi yake, na asiyeyataja hudhaniwa kuwa anaficha makubwa. Mkono huuma na pengine kuvimba kidogo siku moja au mbili. Baadhi hupata homa nyepesi au kuumwa kichwa. Wasichana wa umri huu huzimia pia, aghalabu kwa woga kuliko kwa dawa, na mmoja akianguka mbele ya wenziwe, kumi watakimbilia vyooni. Kwa hiyo wadungwe wakiwa wameketi, mahali ambapo walio kwenye mstari hawaoni, wakae dakika 15 kabla ya kuondoka, na asubuhi hiyo wasije na njaa. Aliye na homa kali siku hiyo angoje apone. Aliyewahi kudhurika vibaya na chanjo nyingine aseme kabla. Naye binti aelezwe ukweli kwa lugha ya umri wake: kwamba ni kinga ya ugonjwa unaowapata wanawake wakubwa, na kwamba itauma kama mchomo wa mwiba. Mtoto aliyeambiwa kuwa haitauma hatakuamini tena, si katika sindano tu.

Wako wasichana ambao shule haitawafikia, nao ni wale wenye haja kubwa zaidi: mtumishi wa ndani wa miaka kumi na tatu aliyetolewa kijijini, mtoto wa mitaani azungukaye karibu na steji za matatu, binti aliyeacha masomo akamlee mdogo wake. Hawa hukutana na mtabibu kwa nasibu tu, basi nasibu hiyo isipotezwe. Muuguzi wa zahanati, umwonapo msichana amembeba mtoto mwenye kikohozi, mhudumie mtoto, kisha umgeukie aliyembeba umwulize umri wake. Najua mstari ni mrefu na mikono ni michache. Hata hivyo swali lile huchukua muda wa kufumba jicho, na msichana yule huenda asirudi pale mpaka awe mjamzito. Wewe mwenye nyumba unayemtuma mtoto wa mtu dukani kila siku, wajibu wa kumpeleka zahanati ni wako, maana mamaye yu mbali nawe ndiye uliyemchukua.

Watu huniuliza habari za wavulana. Virusi hivi huwapata wao pia, na nchi kadhaa zenye nafasi huwachanja. Kwetu chanjo imewekwa kwa wasichana, ambao ndio wabebao mzigo mkubwa wa saratani. Lakini mvulana asisahauliwe katika chanjo nyinginezo: Julai 2025, kampeni ya homa ya matumbo ilipofanyika nchi nzima, iliwahusu watoto wote wa miezi tisa hadi miaka 14, na mvulana aliyekosa sindano ile kwa kuwa alikuwa machungani ni vema aulizwe kliniki kama bado anaweza kuipata. Kwa mama nina neno moja jingine. Chanjo ya binti haikukingi wewe. Siku umpelekayo, uliza hapo hapo juu ya kupimwa mlango wa kizazi, kwani safari ni moja na nauli ni moja.

Limebaki shimo dogo mwishoni kabisa mwa njia, nalo ni kumbukumbu. Sindano ikisha kudungwa, mzazi adai maandishi yenye jina la chanjo na tarehe, asikubali kuambiwa kuwa imeandikwa kwenye daftari la shule, kwani daftari la shule halihami na mtoto akihama, na katika mji huu watu huhama kila mwisho wa mwezi. Karatasi hiyo isiwekwe mkobani wala kabatini penye nguo. Iwekwe katika bahasha moja na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa cheti hicho huulizwa kila mtoto anapoandikishwa shule mpya au mtihani wa taifa, na kwa sababu hiyo ndicho karatasi pekee ambayo kila nyumba ya Eldoret, hata iliyohama mara tano, inajua ilipo.